Sahihi Iliyomzika Falesi

Sehemu ya Tisa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi.

Mimi ni Dorica, nesi mkunga, miaka kumi na minne katika kliniki ya Nambiro, kwenye mashamba ya chai chini ya mlima Mulanje. Kliniki yetu inaendeshwa kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo. Kule kwao walipoingia madarakani watu wengine, fedha zikasimama, na sindano za uzazi wa mpango zikaisha kabatini kwa miezi mitano. Fedha ziliporudi, zilikuja na karatasi: anayezipokea asitoe mimba, na asimtajie mwanamke yeyote habari hiyo. Nikatia sahihi.

Katika miezi ile mitano Falesi Namathanga, mchuma chai, mama wa watoto wanne, alishika mimba. Daktari wa wilaya alikuwa ameshamwandikia kwa wino mwekundu, kwenye daftari lake la afya, kwamba moyo wake umechoka na mimba nyingine itamuua. Akaja kwangu. Akaniuliza, "Dada, hakuna msaada wowote?" Nikafunga mdomo. Akaenda kwa bibi wa mizizi, akatolewa mimba kwa kijiti cha muhogo, na baada ya siku tisa akaletwa kwangu akiwa na homa kali, tumbo limejaa usaha. Alifia mikononi mwangu Alhamisi mchana.

Niliishia pale mjomba wake, Bwana Bester, aliposimama msibani akatangaza kwamba habari ya ugonjwa itasemwa na nesi.

Kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, mmoja husimama mbele ya watu wote akaeleza ugonjwa ulianza lini, ulitibiwa wapi, ukaishaje. Kanisa nalo hutega sikio. Akina mama wa Mvano, umoja wa wanawake wa kanisa letu, huja na vitambaa vyao vyeupe vya kichwani wamevikunja mikobani. Wakiridhika na ugonjwa, wanavifunga na kumwimbia marehemu mpaka kaburini. Wasiporidhika, wanarudi navyo nyumbani.

Falesi alikuwa Mvano kwa miaka kumi. Mama yake mzazi alikuwa Mvano tangu ujana wake.

Sasa sikilizeni.

Jumamosi asubuhi uji wangu haujachemka, mkuu wetu wa kliniki, Bwana Sitolo, akabisha hodi. Suti nyeusi, viatu vimeng'aa.

"Pole na msiba, Dada Dorica."

"Asante, bosi. Karibu uketi."

"Siketi. Utasema malaria."

"Falesi hakuwa na malaria."

"Nchi hii nani hana malaria? Sema malaria. Malaria haina chama, haina kanisa, haina mfadhili."

"Na daftari lake la afya? Mjomba analo."

"Kwani mjomba anasoma?"

"Anasoma kuliko mimi na wewe."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake. Alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti, na mimi ninamwogopa zaidi akishusha sauti.

"Dorica, nina watoto wa chanjo mwezi huu. Nina wajawazito wanaomeza vidonge ili wasiwaambukize watoto wao. Neno moja kutoka mdomoni mwako, mfadhili anafunga mfuko. Utakwenda wewe kuwaambia wale akina mama?"

Nawaungamia: ni maneno hayohayo yaliyonifunga mdomo siku ile Falesi alipokaa mbele yangu. Sikuwa mbaya. Nilikuwa nahesabu walio wengi nikamwacha mmoja, na yule mmoja alikuwa ananitazama usoni.

"Malaria," akasema Sitolo mlangoni. "Silabi nne tu. Hata mtoto anaweza."

Uji ukamwagikia motoni. Nikaondoka bila kula.

Nilipofika msibani nilikuta turubai limeshafungwa uani, wanaume upande wao, wanawake ndani na jeneza. Nyuma ya jiko watu walikuwa wanasonga nsima, ugali wetu, kwenye masufuria makubwa. Kabla sijavua viatu, nikasikia ngoma. Ngoma! Kwenye msiba! Mbunge wetu, Mheshimiwa Wyson Makolija, alikuwa amefika na akina mama wa chama, wamejifunga vitenge vyenye sura yake, makalio yote yana Makolija.

Akaniita nyuma ya jiko, moshi ukitupiga machoni.

"Nesi, wewe ni damu yetu. Utasimama useme kliniki ya wageni imemuua."

"Ameuawa na kijiti cha muhogo, Mheshimiwa."

"Nani kakuuliza kijiti? Sema sindano. Wanawachoma dada zetu sindano, wanapata saratani ya matiti, wanakufa. Jumanne bungeni tuna ule muswada wa kuruhusu kutoa mimba, na mimi naupinga. Nataka nisimame na jina la mtu mkononi."

"Falesi hakuchomwa sindano. Zilikuwa zimeisha. Angechomwa, leo angekuwa anachuma chai."

"Unabishana na mbunge?"

"Mheshimiwa, kliniki hiyo ya wageni si wewe uliyekata utepe wake? Si wewe uliyesema kwenye kampeni umeileta wewe?"

Akatabasamu kwa meno tu. "Nesi, kazi yako iko mkononi mwa watu. Usiichezee."

Huyo wa kwanza. Nilipokuwa nanawa uso kwenye ndoo, akaja wa pili. Huyu alitoka Lilongwe, kwenye shirika linalotaka muswada upite, anaitwa Madam Wezzie. Nyuma yake kijana mwenye kamera. Nilimpenda kabla hajafungua mdomo, kwa sababu nilidhani huyu walau yuko upande wa Falesi.

"Dada shujaa," akanikumbatia. "Tumesikia. Simama useme sheria ya nchi hii imemuua, na sisi tutakupeleka mpaka kwenye kongamano. Halafu nikuombe kitu kidogo. Watoto wake wanne wasimame kando ya jeneza tupige picha. Yule mdogo akilia itakuwa vizuri zaidi."

"Unajua mama yao alikuwa anaitwaje?"

Akachungulia kwenye simu yake. "Fa... Fanesi."

Nikamwambia, "Madam, ukimgusa mtoto wa Falesi, hiyo kamera utaimeza." Na sikuwa natania. Kijana wa kamera alikiona hicho usoni mwangu, akarudi nyuma hatua mbili.

Mnaelewa nilivyokuwa? Mmoja alitaka Falesi awe onyo, mwingine alitaka awe tarakimu, na bosi wangu alitaka awe mbu. Maiti yenyewe imelala ndani, imefungwa kitenge alichonunua mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mdogo wake.

Wa tatu sikumtarajia. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, amekaa mkekani na wafiwa kama inavyotakiwa, amevua viatu, amejifunga chitenje, kitenge cha kwetu, juu ya nguo zake za ofisini. Nilimtambua: Bi. Ngeyi, afisa wa wafadhili wetu kutoka Blantyre. Ni mtu wa hapahapa, mama yake ni wa kabila la Walomwe. Akanivuta kwenye kivuli cha ghala la mahindi.

"Dada Dorica, naomba unieleze jambo moja. Mwanamke ana wino mwekundu kwenye daftari. Kwa nini hukumwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya?"

Nilitaka kumtemea mate. "Unaniuliza mimi? Mkataba wenu!"

"Mkataba wetu unakataza vitu vingi, na mengine hata mimi siyapendi. Lakini hicho haukukataza."

"Tuliambiwa tusiseme hata neno."

"Nani kawaambia? Ukurasa wa tatu hukuusoma?"

"Ukurasa wa tatu upi?"

Akafungua mkoba, akatoa karatasi zilizobanwa pamoja. Zilikuwa tano. Tano! Mimi maisha yangu yote nilijua mkataba ule ni karatasi moja.

Ngoja niwaambie jinsi tunavyotia sahihi katika ofisi zetu, maana ninyi pia mnajua. Bosi anakuja saa ya chai. Ana karatasi ya mwisho tu, ile yenye mistari na majina. Anasema, "Tia sahihi hapa, dereva anasubiri." Unaweka kikombe chini, unatia sahihi, unanyanyua kikombe. Ukiuliza zilizotangulia ziko wapi, unaonekana unajifanya mwanasheria. Wote wanane pale Nambiro tulitia sahihi kabla chai haijapoa.

Nikausoma ukurasa wa tatu nimesimama ghalani. Ulisema katazo lile halimhusu mwanamke ambaye uhai wake uko hatarini kwa sababu ya mimba. Mwanamke huyo, mhudumu anaweza kumpeleka kwa daktari. Na sheria yetu wenyewe ya Malawi, kali kama ilivyo, inamruhusu daktari kuokoa maisha ya mama. Hilo nilifundishwa chuoni, nikafanya na mtihani, nikafaulu, nikalisahau kwa sababu ya ukurasa mmoja niliotia sahihi.

Barua ya rufaa ina mistari mitatu. Jina, ugonjwa, tafadhali mwangalieni. Ningeiandika huku naongea naye.

"Sitolo alipewa zote tano?" nikauliza.

"Alipewa. Na alikuja kwenye semina, siku mbili, hotelini. Jambo hili liliulizwa." Bi. Ngeyi akatazama chini. "Alisema ni rahisi kuwafunga manesi mdomo moja kwa moja kuliko kuwafundisha lini waufungue. Watu walicheka."

"Na wewe ulicheka?"

"Nilicheka."

Nilipogeuka, Sitolo alikuwa amesimama upande wa wanaume, anatutazama. Aliziona karatasi. Akajipangusa suruali vumbi ambalo halikuwepo, akaelekea barabarani kama mtu anayekwenda kujisaidia. Sikujali. Ningejali, hadithi hii ingekwenda kwingine.

"Dorica," Bi. Ngeyi akanishika mkono. "Usiliseme hapa. Andika ripoti, nitaipeleka mwenyewe. Itaundwa kamati."

Kamati! Niliuvuta mkono wangu.

Jeneza likatolewa uani. Mchungaji akaomba. Bwana Bester akasimama na daftari la afya kifuani, akasema, "Nesi, tuambie."

Nikasimama. Mbele yangu akina mama wa Mvano walikuwa wameweka mikoba mapajani, vidole vimeshika zipu. Mama yake Falesi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, uso hauna hata chozi. Mbunge alikuwa kwenye kiti chenye mto. Kamera ilikuwa juu.

"Falesi hakufa kwa malaria," nikasema.

Watu wakainua vichwa.

"Alikuwa na mimba ya miezi mitatu na moyo mgonjwa. Aliitoa mimba kwa kijiti cha muhogo, akapata sumu kwenye damu."

Zipu ya kwanza niliyoisikia ilikuwa inafungwa. Kisha ya pili. Sikungoja ya tatu.

"Msifunge mikoba bado! Hakuanzia kwa kijiti. Alianzia kwangu. Alikuja na hilo daftari, akaniomba msaada, nikanyamaza kwa sababu nilitia sahihi karatasi. Leo ndiyo nimejua karatasi ile iliniruhusu kumsaidia. Bosi wangu alijua, mimi sikusoma. Aliyemuua Falesi si sindano, Mheshimiwa, na wala si saratani. Ni watu wazima wenye kazi zao, walioogopa. Wa kwanza ni mimi."

Mchungaji akasimama taratibu. "Kanisa limesikia," akasema, na alikuwa na huzuni, sitamsingizia. "Kwa desturi yetu kanisa haliwezi kuendelea." Akachukua kitabu chake. Akina mama wakainuka nyuma yake mmojammoja na mikoba yao. Wengine walikuwa wanalia, lakini waliinuka.

Mheshimiwa hakupoteza nafasi. Akanyakua kipaza sauti. "Ndugu zangu, mmesikia wenyewe! Kliniki ya wageni imekiri..."

Hakumaliza. Kwetu makaburi yana wenyewe. Ni adzukulu, vijana wanaochimba kaburi na kubeba maiti. Siku ya msiba wao ndio serikali, wanaweza kumtoza faini hata chifu. Mkubwa wao, Gibisoni, alikuwa na jembe begani na udongo mpaka magotini. Akamnyang'anya mbunge kipaza sauti.

"Mheshimiwa, kura utatafuta Jumatatu. Leo mbunge hapa ni mimi. Kaa chini, au ukamalizie kuchimba lile kaburi na suti yako."

Watu waliguna kwa kuridhika. Mbunge akakaa.

Ndipo mama yake Falesi akasema. Alikuwa bado amekaa chini.

"Nesi."

"Naam, mama."

"Mwanangu alikukuta kazini siku ile?"

"Alinikuta, mama."

"Kalamu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na hiyo barua ya kumpeleka kwa daktari, ina mistari mingapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Mitatu, mama."

Akamgeukia Gibisoni. "Basi hazikwi. Kanisa limemwacha, mimi simwachi. Mpelekeni kliniki akaandikiwe barua yake. Akishaipata, nitamzika nayo."

Vijana sita wakaingia chini ya jeneza, wakalinyanyua, na badala ya kushika njia ya makaburini wakashika barabara ya kliniki, katikati ya chai. Watu wote nyuma yao. Wachuma chai waliokuwa shambani wakaacha vikapu, wakajiunga. Hata baadhi ya akina mama wa Mvano niliwaona wamemwacha mchungaji njiani na kurudi. Nilitembea kando ya jeneza nikiwa na hasira iliyonifanya nijione mrefu. Nilisema moyoni: leo Sitolo atanitambua. Leo ukweli wote unatoka.

Geti la kliniki lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Jumamosi mchana hatufanyi kazi. Lakini nyuma ya jengo, kwenye tanuri la kuchomea taka, moshi ulikuwa unapanda. Tanuri lile tunaliwasha Jumatatu tu. Gari la Sitolo lilikuwa limeegeshwa ndani.

"Anachoma nini?" akauliza Bwana Bester.

Nilikuwa najua. Anachoma mafaili. Na akishamaliza mafaili atachukua rejista kubwa ya wagonjwa, kwa sababu ndani yake kuna siku aliyokuja Falesi.

Wapenzi wasomaji, kuna jambo moja sikulisema mbele ya jeneza. Nilisema nilinyamaza. Watu wakaniona mkweli, hata Gibisoni alinishika bega njiani. Lakini sikunyamaza tu. Falesi alipotoka chumbani kwangu siku ile, niliogopa mtu asije akaniuliza kwa nini sikumsaidia. Nikavuta rejista, nikaandika mbele ya jina lake: "Moyo uko sawa. Hana shida." Siku mbili baadaye daktari wa wilaya akaja kwenye ukaguzi wake wa kila mwezi. Alikuwa anatafuta wagonjwa wa moyo hasa. Nilikiona kidole chake kikishuka ukurasani. Kilifika kwenye mstari wangu, kikapita. Falesi alikuwa bado mzima, bado hajakwenda kwa bibi wa mizizi.

Hilo hakuniagiza Sitolo, wala mfadhili. Liko kwa mwandiko wangu.

Moshi ukawa mweusi zaidi. Vijana walikuwa wameshusha jeneza mbele ya geti, wanahema. Mama yake Falesi alisimama kando yake, ameweka kiganja juu ya mbao.

"Nesi!" Gibisoni akapaza sauti. "Fungua, anachoma ushahidi! Ufunguo si uko kwako?"

Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la chitenje changu, nimeufunga fundo, nausikia ukinigusa kiunoni.

"Ngoja," nikasema. "Sijui nimeuweka wapi."

Nikaanza kujipapasa mifukoni, taratibu, mfuko mmoja baada ya mwingine, huku macho yangu yako kwenye ule moshi, naomba moto uiwahi rejista.